Namna ya Kumwelekeza Mlaji Mwenzako Mahali pa Kula Mombasa: Mwongozo Kamili

Mtu akikuuliza ale wapi Mombasa, usikimbilie jina la hoteli. Mtajie chakula kwanza, kisha saa, kisha pahali. Ukiupindua mpangilio huu utamtuma mgeni wa watu kwenye mahamri saa sita mchana, akute meza imefunikwa na mama mwenye mahamri keshakwenda Marikiti kununua nazi za kesho.

Sababu yake ni kwamba majiko madogo ya pwani hayapikii orodha ndefu. Kila jiko lina kitu chake linachokijua barabara, na kina saa yake. Kuna baraza Mji wa Kale ambapo asubuhi huuzwa mahamri na mbaazi, mchana pakawa patupu, na baada ya alasiri akaja mwengine na karai lake la viazi. Ukimwambia mtu "nenda pale barazani, chakula kitamu", hujamwambia kitu. Mwongozo huu ni kwa yeyote anayependa kula na anayeulizwa kila mara na jamaa, wenzake kazini au wageni. Nimeuandika kwa Mombasa kwa kuwa ndiko ninakokujua, lakini utaratibu wake unafaa Lamu, Malindi, Tanga na hata Unguja.

Hatua ya kwanza: muulize kabla hujamjibu

Swali la "nile wapi?" halijibiki mpaka ujue anayeuliza ni nani na yuko wapi saa hiyo. Mimi huuliza mambo haya: uko upande gani wa mji, una njaa ya sasa au unapanga ya kesho, uko na nani, na kuna kitu usichokula?

Upande wa mji ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Mombasa ni kisiwa. Aliyelala Diani na akataka mahamri ya moto Kibokoni, Mji wa Kale, saa moja asubuhi huenda akavuka kwa feri ya Likoni wakati ambapo umati mzima wa wafanyakazi unavuka pia. Aendaye kwa miguu halipi feri, lakini atasimama kwenye foleni kwa jua. Huyo mtafutie cha asubuhi hukohuko Ukunda, kisha mwite kisiwani kwa chakula cha jioni. Vivyo hivyo aliyeko Bamburi au Mtwapa, ambaye lazima apite daraja la Nyali pamoja na magari yote ya watu wanaokwenda kazini.

Aliye na watoto wadogo au mzee wa miguu mizito anahitaji kiti chenye mgongo, kivuli, na pahali pa kunawa mikono palipo karibu. Vibanda vingi vizuri vina benchi moja tu na watu hula wamesimama. Sema hivyo mapema ili achague mwenyewe.

Kuhusu asichokula, uliza waziwazi. Asiyekula nyama usimpeleke kwenye pilau ukidhani ataondoa vipande na kula wali. Wali wenyewe umeivia kwenye supu ya nyama. Mpeleke kwenye mbaazi za nazi, maharagwe ya nazi, mchicha wa nazi, au kwenye hoteli za Wahindi wasiokula nyama, ambazo Mombasa inazo tangu zamani. Anayekatazwa mafuta na daktari hana raha kwenye karai. Huyo samaki wa kuchoma na wali mweupe vitamfaa zaidi. Na anayetaka kinywaji chenye kileo mwambie mapema kwamba hoteli za Mji wa Kale hazina, asije akauliza mbele ya watu akawatia haya.

Pilipili ina swali lake peke yake. Mtu wa bara akisema "napenda pilipili" huenda ana maana ya kipande kidogo kwenye kachumbari. Muulize kama ameshawahi kula achari ya embe ya pwani.

Hatua ya pili: ijue saa ya kila chakula

Hapa ndipo mwelekezaji mzuri anapojulikana.

Alfajiri mpaka saa tatu asubuhi ni zamu ya mahamri na mbaazi, vitumbua, na chai ya maziwa au ya tangawizi. Mahamri mazuri hayahitaji mtaalamu kuyajua. Lishike moja, lipasue. Ndani liwe tupu, limefura, na harufu ya iliki ikufikie kabla hujalitia mdomoni. Likiwa zito, limejaa unga ndani na vidole vimebaki na mafuta, ama unga haukuachwa uumuke ama mafuta hayakuwa yamepata moto. Mbaazi zake ziwe zimeiva mpaka zinapondeka kwa ulimi lakini bado ni nzima kwa macho, na tui zito limetiwa mwisho, halikuchemshwa mpaka likakatika. Sahani hii huharibika haraka kuliko zote kwa kuchelewa. Mahamri ya saa nne ni chakula kingine kabisa.

Saa sita mpaka saa nane ni wakati wa wali. Pilau, biriani, wali wa nazi kwa samaki wa kupaka au kuku wa kupaka, mchuzi wa papa kwa wanaoupenda. Siku ya Ijumaa iweke kando katika kichwa chako: majiko mengi hupika biriani yao kubwa siku hiyo, na watu hutoka msikitini moja kwa moja mpaka mezani. Ukimwelekeza mtu Ijumaa mwambie achague: afike kabla ya sala, au akubali kusubiri. Akifika saa tisa atakuta ukoko.

Mueleze pia anachokwenda kula. Biriani ya Mombasa mchuzi wake, wenye nyama, viazi, mtindi na vitunguu vilivyokaangwa, hupikwa mbali na wali, na hukutana sahanini. Mtu aliyezoea biriani iliyochanganywa chunguni anaweza kuiona sahani akadhani ameletewa kitu kingine. Hoteli ambayo mchuzi wake umejaa nyanya na una vitunguu vichache, mimi huwa siielekezi mtu, hata kama wali wake umetiwa rangi ya kupendeza.

Baada ya alasiri mji hubadilika. Kuanzia saa kumi majiko ya barabarani huwashwa, na kuelekea maghrib, kama saa kumi na mbili na nusu, ndipo chakula cha jioni kinaponoga: viazi vya karai, bajia, kachri, katlesi, kebabu, kaimati, viazi vya rojo, mishkaki. Mwembe Kuku na Kibokoni ndiko watu wengi hutaja. Upande wa bahari, Kizingo, kando ya Barabara ya Mama Ngina, kuna krispi za muhogo zinazokaangwa mbele yako, zikanyunyiziwa pilipili na ndimu, na madafu ya kuteremshia. Eneo hilo lilitengenezwa upya mwaka 2019, lina mabaraza ya kukaa, na ndilo ninalowapa watu wenye watoto jioni ya Jumapili. Watu ni wengi, lakini bahari iko wazi mbele yao na upepo haulipiwi.

Usiku, baada ya isha, ni wa nyama za makaa, shawarma, kuku wa tikka, na kahawa tungu. Kahawa hiyo hutiwa kutoka kwenye dele la shaba lililokaa juu ya makaa, na hunywewa kwa vikombe vidogo pamoja na kashata, tende au halua. Hailiwi kama chakula, lakini mgeni akikosa kukaa barazani na wazee kwa kikombe kimoja atakuwa amekosa sehemu ya mlo.

Mwezi wa Ramadhani saa zote hizi hugeuka. Mchana hoteli nyingi za Mji wa Kale hufungwa, na zilizo wazi hutundika pazia mlangoni. Kisha kuanzia alasiri barabara hujaa futari ambazo miezi mingine huzipati kwa urahisi. Mpenda chakula akikuuliza aje lini Mombasa na hajali kukaa na njaa mchana, mwambie aje Ramadhani. Mwambie pia asile wala asinywe barabarani mchana.

Hatua ya tatu: uliza bahari inasemaje

Anayeelekeza watu kwenye samaki bila kujua hali ya bahari anabahatisha. Wakati wa kusi, yaani kuanzia Aprili mpaka kama Septemba, upepo ni mkali, mashua ndogo nyingi hazitoki nje ya miamba, samaki hupungua na bei hupanda. Kaskazi ikiingia, kuanzia Disemba mpaka Machi, bahari hutulia na samaki hujaa. Kwa hiyo ile hoteli uliyokula nguru mnono Januari, Julai inaweza kukupa samaki wa barafu aliyekaa siku nyingi. Mpishi ni yuleyule na viungo ni vilevile. Usimlaumu mpishi, badilisha unachomshauri mtu. Miezi ya kusi mpeleke kwenye mbuzi, kuku wa kupaka na vyakula vya mbaazi na kunde.

Pweza naye ana kalenda yake. Hupatikana zaidi siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji yanapokauka sana na watu wakatembea juu ya mwamba na fimbo zao wakimtafuta mashimoni. Pwani yetu maji ya bamvua hukauka kama saa tatu mpaka saa tano asubuhi. Maana yake ni kwamba pweza wa siku hiyo hufika jikoni mchana, na supu yake huwa tayari jioni. Ukiona mwezi mpevu umetoka, ndiyo siku ya kumwambia mwenzako, "Leo nenda ukanywe supu ya pweza." Siku za maji mafu, yaani yasiyokauka sana, supu ipo lakini pweza ni wa barafu. Sisemi ni mbaya, kwani kuganda hata humlainisha. Mimi hutaka tu mtu ajue anachokinunua.

Kumtambua samaki mbichi mfundishe mwenzako mara moja, hatakuuliza tena: jicho limejaa na linang'aa, matamvua ni mekundu, nyama ukiibonyeza inarudi. Kwa jodari na vibua weka tahadhari ya ziada. Samaki hawa wakikaa kwenye joto baada ya kuvuliwa hujenga sumu ambayo moto wa jikoni hauiondoi, na harufu inaweza isikwambie kitu. Mtu huanza kuwashwa, uso kuwa mwekundu, kichwa kugonga na moyo kwenda mbio, pengine dakika chache tu baada ya kula. Wengi hudhani ni mzio wa samaki. Kwa hiyo hoteli inayoanika jodari juani juu ya meza bila barafu, hata ikiwa inapaka nazi namna gani, sielekezi mtu huko.

Hatua ya nne: ihakiki hoteli mwenyewe

Usipeleke mtu pahali ulipopasikia tu. Nenda ukale. Ukiweza nenda siku mbili tofauti, moja yenye watu wengi na moja yenye watu wachache, kwa sababu jiko hujulikana siku ya uchache. Siku ya watu wengi kila kitu ni cha moto kwa nguvu ya foleni.

Nitachukua viazi vya karai, maana ndivyo vinavyoulizwa sana na ndivyo vinavyodanganya sana. Kiazi huchemshwa kwanza, hukatwa, huchovywa kwenye unga mwepesi wenye bizari, chumvi na pilipili, kisha huzamishwa kwenye mafuta. Simama kando ya karai uangalie. Mafuta yawe na rangi ya asali nyepesi. Yakiwa meusi na yanatoa povu jingi kila kiazi kinapoingia, yametumika siku nyingi. Tazama muuzaji anatia viazi vingapi kwa mpigo. Anayejaza karai mpaka mafuta yakapoa atakupa viazi vilivyonywa mafuta. Anayetia vichache, akangoja, akageuza, huyo anajua kazi. Kiazi kikitoka, ganda liwe jembamba, kavu, linavunjika kidogo ukiliuma, na ndani kiazi kiwe laini, kimekolea chumvi. Kiazi kisicho na chumvi ndani maana yake kilichemshwa bila chumvi, na hakuna chatne itakayokiokoa.

Sasa uje kwenye ukwaju. Hapa ndipo vibanda viwili vilivyo mlango kwa mlango huachana. Ukwaju mzuri umekamuliwa tunda lenyewe: una ukali wa kweli, utamu kidogo, pilipili inayochelewa kufika kooni. Ukwaju mbaya ni maji yenye rangi na siki. Angalia pia chombo chake. Kikiwa na kifuniko na upawa wake, vizuri. Kikiwa wazi na kila mteja anachovya kiazi alichokwisha kukiuma, mwambie mwenzako aombe wake kwenye kibakuli.

Kwa mishkaki, angalia moto kabla ya nyama. Makaa yawe mekundu bila ndimi za moto. Nyama iliyolazwa na papai bichi, tangawizi, kitunguu saumu na ndimu hulainika, lakini ikilazwa kupita kiasi huwa unga mdomoni. Omba kijiti kimoja kwanza. Ukikipenda, agiza.

Mambo ya usafi sihitaji kuyaandika marefu: maji ya kunawa yapo, anayepokea pesa si yuleyule anayeshika chakula kwa mkono, chakula kilichopikwa kimefunikwa, na wali wa jana haurudi leo. Hili la mwisho unalijua kwa kuuliza sufuria huisha saa ngapi. Hoteli ambayo wali wake huisha kila siku saa nane ndiyo ya kuiamini.

Na tazama wanaokula. Madereva wa tuktuk na wachukuzi wa Marikiti hawana pesa za kupoteza wala muda wa kungoja. Wakijaa pahali siku za kazi, chakula ni kizuri, kingi na cha bei ya haki. Wakiwa hawapo na badala yake umeona wapiga picha peke yao, kula lakini usielekeze bado.

Hatua ya tano: usisahau pwani isiyo ya biriani

Wengi wakiulizwa chakula cha pwani humtaja Mswahili wa Mji wa Kale wakaishia hapo. Si haki. Ukitoka kisiwani kuelekea Kilifi, Kaloleni au Kwale, utakuta hoteli za Wamijikenda zenye sima, mchunga (mboga ya majani) uliotiwa nazi, ng'onda (samaki mkavu), na samaki wa nazi aliyepikwa kwa chungu. Mchunga ni mchungu, na mtu akiupenda hauachi. Mpe mwenzako nafasi ya kuujua. Karibu na Mwembe Tayari na Kongowea kuna vibanda vinavyolisha wasafiri na wachuuzi kwa ugali, matumbo, na samaki wa kukaanga, tangu asubuhi na mapema. Hivi havitajwi sana na watu wanaojiita wapenda chakula, na mimi naona ni kosa. Mtu aliyefika kwa basi la usiku saa kumi na moja alfajiri anakihitaji kibanda hicho kuliko anavyohitaji biriani.

Hatua ya sita: mwelekeze mpaka afike

Mitaa ya Mji wa Kale ni myembamba, majina ya barabara wenyeji hawayatumii, na vibanda vingi havina kibao. Tumia alama zisizohama: msikiti, kisima, ngome, soko, shule. Mwambie ashukie wapi, kwa sababu tuktuk haiingii kila kichochoro, kisha mwambie atembee akiweka nini mkono wa kulia. Kibanda cha magurudumu kipe alama mbili, moja ya siku ya jua na nyingine ya siku ya mvua, kwa kuwa mwenyewe huhamia chini ya roshani iliyo karibu.

Mfundishe pia namna ya kuingia. Salamu kwanza, kisha swali. "Salaam aleikum, mama. Leo kumepikwa nini?" hufungua sufuria ambazo orodha ya ukutani haizitaji. Aulize kipi kimetoka jikoni sasa hivi, na akile hicho. Mavazi ya stara Mji wa Kale, mkono wa kulia mezani, pesa ndogo mfukoni. Wengi hupokea M-Pesa, lakini mtandao ukikatika saa ya foleni, noti ya elfu moja kwa kiazi kimoja ni kumsumbua mtu.

Kuhusu bei, taja na mwezi uliokula. Bei ya mafuta, unga na nazi hupanda, na muuzaji hana budi kupandisha naye. Mwenzako akienda na bei ya mwaka juzi kichwani ataanza kubishana na mama wa watu bila sababu.

Hatua ya saba: andika maneno yasiyomwacha na swali

"Tamu sana, lazima uende" si maelekezo. Maelekezo kamili yana chakula, saa, njia, cha kuagiza, na jambo moja lisilopendeza. Kwa mfano tu, kibanda cha kubuni:

"Mahamri na mbaazi, upande wa Kibokoni. Nenda kabla ya saa mbili, saa tatu huwa vimekwisha. Shuka kwenye Ngome ya Yesu, ingia Mji wa Kale kwa miguu, ukiupita msikiti wa pili utaona jiko la makaa barazani mkono wa kushoto. Hakuna kibao. Agiza mahamri manne na bakuli la mbaazi, umwambie akuongeze tui. Chai inakuja na sukari tayari, kwa hiyo kama hutaki sukari sema mapema. Benchi ni moja na jua hufika saa mbili na nusu. Nilikula hapo mwisho mwezi wa Novemba."

Hilo la jua ndilo litakalomfanya akuamini. Sifa tupu kila mtu anazo.

Hata hoteli zinazojulikana na kila mtu zinahitaji maelezo ya namna hii. Tarboush ya Barabara ya Makadara imetajwa mara nyingi mno, na bado mgeni akiambiwa jina peke yake hukaa akaagiza chipsi. Mwambie ale kuku wa tikka au shawarma, usiku. Unguja nako Lukmaan, pale Mkunazini chini ya mbuyu, chakula kimepangwa mbele yako: mwambie asimame kwanza, atazame sufuria zote, ndipo aonyeshe anachotaka.

Hatua ya nane: mlinde muuzaji

Mama mwenye sufuria moja ya mbaazi hupikia wateja anaowajua. Ukimpelekea watu kumi na tano asubuhi moja, wanafunzi na mafundi wanaomtegemea kila siku watakosa. Ukiwa na kundi, mpitie jana yake, mwambie idadi, na ulipe kitu mbele ili anunue nazi na unga wa ziada. Kabla hujampiga picha au kumpa mtu namba yake ya simu, muombe ruhusa. Wengine hawataki kuonekana, na hiyo ni haki yao.

Chakula kikikuharibikia, mwambie mpishi mwenyewe, taratibu, pembeni. "Mama, leo mbaazi zimeshika moto kidogo" inatosha, na mara nyingi atakupa nyingine. Usitangaze jina la kibanda kwa sahani moja mbaya. Lakini kama ni jambo la afya, samaki aliyeoza au maji machafu, na umesema wala halikurekebishwa, acha kuelekeza watu huko, na anayekuuliza mwambie ukweli ulivyouona.

Hatua ya tisa: safisha orodha yako

Weka daftari au andika kwenye simu: chakula, saa, pahali, mwezi uliokula mwisho. Ipitie orodha upya mara mbili kwa mwaka, kusi ikianza na kaskazi ikianza, maana ndipo vyakula vya bahari hubadilika. Kitu cha kwanza kuuliza ni mpishi. Hoteli ikibadilisha mpishi ni hoteli mpya, hata kama meza, rangi za ukuta na jina ni vilevile, na unapaswa kurudi kula upya kabla hujamtuma mtu. Kibanda ambacho hujala hapo mwaka mzima kiondoe, au sema wazi kwamba habari yako ni ya zamani. Na mwenzako akirudi, muulize alikula nini na saa ngapi. Akikwambia viazi vilikuwa vya baridi, muulize alifika lini. Akijibu saa nne usiku, orodha yako haina shida. Akisema alifika maghrib karai likiwa motoni na bado vilikuwa vya baridi, nenda kesho jioni ukaonje mwenyewe.